Njia Kuu Ipitayo Bonga, na Watoto Waliopelekwa Mbali

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Arusha kwa njia ya Kondoa, akisha kuyapita majabali ya Kolo yenye michoro ya watu wa kale na kuiacha nyuma yake nchi ya Warangi, huingia Bonga, ambayo leo ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati katika Mkoa wa Manyara. Kisha, baada ya mwendo usio mrefu, hufika Babati mjini, penye ziwa lenye viboko na mlima Kwaraa. Njia hiyo ni sehemu ya ile Njia Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliikusudia iunganishe Cape Town na Kairo, na lami yake, ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, ilizinduliwa mwaka 2018 baada ya kujengwa kwa vipande vinne, ambavyo viwili katika hivyo vilikutana hapa hapa: kimoja cha kilomita 88.8 kutoka Mela hadi Bonga, na kingine cha kilomita 19.2 kutoka Bonga hadi Babati.

Nimeanza na njia kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia, yaani ya msaada apewao mwanafunzi ambaye ulimi wake haumtii au mikono yake haiwezi kushika kalamu, katika nchi hii ilikuwa historia ya safari kabla ya kuwa historia ya darasa. Mwenye kuitazama ramani ataona kwamba upande wa kusini wa njia hii, Dodoma, ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya watoto wenye ulemavu katika Tanganyika. Na upande wake wa kaskazini, kuanzia Arusha hadi Moshi, ndiko vilikowekwa vyuo vya kuwafundisha walimu na matabibu wa watoto hao. Ilhali Bonga, iliyo baina ya pande mbili hizo, imekuwa kwa muda mrefu mahali ambapo mtoto huondoka na mtaalamu hupita bila ya kushuka. Hayo si makosa ya Bonga, wala si bahati mbaya tu; yametokana na namna tulivyofikiri juu ya msaada wenyewe, na fikira hizo zina mwanzo wake na sababu zake.

Kabla ya kuja shule, zilikuwapo ndimi. Wagorowa, wenyeji wa nchi hii ambayo zamani ilijulikana kwa jina la Ufiome, husema lugha ya Kikushi iliyo jamaa ya Kiiraqw. Wamepakana na Warangi na Wambugwe wenye lugha za Kibantu, na Wabarbaig ambao ni Waniloti, na mbali kidogo, upande wa kusini-magharibi na kaskazini-magharibi, wako Wasandawe na Wahadzabe wenye sauti za vidoko. Ni mahali pachache sana duniani ambapo jamii nne kubwa za lugha za Afrika zimekutana kwa ukaribu namna hii, na mtoto wa soko la Babati aghalabu huzisikia tatu kati ya hizo kabla hajaanza darasa la kwanza. Katika Kigorowa zimo sauti zitokazo ndani kabisa ya koo, na nyingine zitokazo pembeni mwa ulimi, ambazo Kiswahili hakina. Na kwa upande mwingine lugha za jamaa ya Kiiraqw hazina kwa asili z wala v, ambazo Kiswahili kinazo. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji huko mbele: mtoto wa hapa akitamka neno la Kiswahili kwa namna isiyo ya kitabu, yamkini hana ila yoyote, bali ameileta shuleni sauti ya nyumba yao.

Mafundisho ya ulimi yenye utaratibu hayakuletwa Afrika ya Mashariki na hospitali. Katika vyuo vya Kurani, ambavyo Warangi, walio wengi wao Waislamu, wamevilea kwa vizazi kadhaa kama walivyovilea watu wa pwani kwa karne nyingi, mtoto hufundishwa makharij, yaani matokeo ya herufi, mahali ambapo kila sauti huzaliwa katika kinywa. Wanazuoni wa tajwidi, wakimfuata Ibn al-Jazari aliyefariki mwaka 1429, wameyahesabu matokeo hayo kuwa 17, wakayagawa katika uwazi wa kinywa, koo, ulimi, midomo na pua. Na mwalimu mwema hamwambii mwanafunzi kwamba amekosea tu, bali humwonyesha ncha ya ulimi iguse wapi, pumzi ipite wapi, na koo likazwe kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ambayo leo mtoa tiba ya usemi huifanya mbele ya kioo pamoja na mtoto. Sioni kwa nini ilimu hii iachwe nje ya kitabu cha historia ya tiba hiyo kwetu, eti kwa kuwa haikuandikwa kwa lugha za Ulaya. Na katika kisa cha Nabii Musa, ambacho Waislamu na Wakristo wa Bonga wote wanakijua, yumo mtu mwenye uzito wa ulimi aliyepewa nduguye Haruni amsaidie kunena, wala hakuondolewa katika kazi aliyotumwa. Ni kweli kwamba makusudio ya chuo yalikuwa kukihifadhi Kitabu, si kumtibu mtoto, na kwamba kiboko kilitumika mahali ambapo subira ingefaa zaidi. Lakini maarifa yenyewe yalikuwapo, na yalikuwa karibu na nyumba.

Tiba ya mikono ina chanzo kingine, nacho ni vita. Mwezi wa Aprili mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi wa Afrika Kusini wakiongozwa na Jenerali van Deventer walishuka kutoka upande wa Arusha, wakaitwaa Ufiome kutoka kwa Wajerumani, na kabla mwezi haujaisha wakaingia Kondoa. Vita ile ile, kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia, ndiyo iliyoistawisha tiba tunayoiita leo tiba kwa vitendo. Majeruhi wa Ulaya na Marekani walirudi makwao bila mikono, au wakiwa na mikono isiyotii na akili zilizotetemeka, na watu kadhaa waliokutana Clifton Springs katika jimbo la New York mwezi wa Machi 1917, miongoni mwao mchoraji wa majengo George Barton, tabibu William Rush Dunton na Eleanor Clarke Slagle, wakaunda chama kwa itikadi kwamba kazi yenyewe, ikichaguliwa kwa busara na kupimwa kwa uwezo wa mgonjwa, ni dawa. Katika Uingereza, Dkt. Elizabeth Casson alifungua chuo cha kwanza cha fani hiyo mjini Bristol mwaka 1930. Na wale wa tiba ya usemi waliunda chama chao kimoja mwaka 1945, vita ya pili ilipokwisha. Wapagazi wa nchi zetu, ambao walibebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili kwa maelfu mengi, na wasiokufa kwa maradhi na njaa wakarudi vijijini na viungo vilivyoharibika, hawakujengewa nyumba za namna hiyo. Kama mtu aliyepoteza vidole alijifunza tena kushika jembe, alijifunza kwa jembe lenyewe, shambani, chini ya macho ya mkewe na wazee wake.

Utawala wa Waingereza uliiweka nchi hii ya Ufiome katika Wilaya ya Mbulu, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfikiria mtoto asiyenena vizuri, kwa sababu jambo la kwanza lilikuwa mtoto aishi. Masista Wakatoliki wa udaktari walianza kazi Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mwishoni mwa miaka ya 1940. Na Walutheri wa Norwei walifungua hospitali ya Haydom, upande wa Mbulu, mwaka 1955. Hapa pana jambo ambalo waandishi wa historia ya tiba hulipita upesi. Mtoto aliyepatwa na homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, au aliyekawia kutoka tumboni hata akakosa pumzi, zamani aghalabu alikufa. Hospitali ilipoanza kuwaokoa watoto hao, baadhi yao walibaki na masikio yaliyofungwa, au ulimi mzito, au mtindio wa ubongo unaokaza mkono mmoja na mguu mmoja. Roho ikiisha kuokoka, ndipo linapozaliwa swali la ulimi na mkono; na swali hilo halikuwa la daktari tena, bali la mama nyumbani, na baada ya miaka saba, la mwalimu.

Jibu la kwanza lililotolewa lilikuwa bweni. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, mashariki kidogo ya Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora, iliyokuwa ya kwanza ya namna yake nchini. Na mwaka 1967 Jeshi la Wokovu likaanza huko Mgulani, Dar es Salaam, kazi ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu wa viungo, wengi wao wakiwa wamepoozeshwa na polio. Sitaki kuzidharau kazi hizo. Waliozianzisha walitoa umri wao wakati ambapo wengi hawakutoa hata senti moja, na watoto waliofichwa nyuma ya nyumba walitoka wakajua kusoma. Lakini tazama Tabora ilipo kutoka Bonga, uhesabu siku za safari ya mwaka ule wa 1963, kwa lori hadi Dodoma na kwa gari la moshi kwenda magharibi, na umfikirie mtoto wa miaka minane asiyesikia, anayejua ishara za nyumba yao tu, akiachwa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayezijua ishara hizo.

Na ni katika shule za viziwi ndimo tiba ya usemi ilimoingia kwanza katika madarasa ya nchi hii, kwa mlango ambao haukuwa wake. Tangu mkutano wa walimu uliofanyika Milano mwaka 1880, shule nyingi za viziwi duniani zilishika itikadi kwamba kiziwi sharti afundishwe kunena kwa mdomo na kusoma midomo ya wengine, na kwamba ishara za mikono zingemfanya mvivu wa kunena. Hukumu hiyo, iliyotolewa na walimu wasikiao kwa niaba ya watoto wasiosikia, ilikataliwa rasmi na mkutano wa namna ile ile uliokutana Vancouver mwaka 2010, baada ya miaka 130. Walimu waliofika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1960 walikuja na itikadi hiyo. Mwalimu wa njia hiyo humketisha mtoto mbele yake mahali penye mwanga, ili auone mdomo. Huuchukua mkono wa mtoto na kuuweka juu ya koo lake, ili ahisi mtetemo ambao hausikii. Humwekea karatasi nyembamba mbele ya midomo, ili aone kwamba p huirusha na b huiacha imetulia. Na sauti moja huweza kuchukua wiki kadhaa. Ni kazi ya subira kubwa, na ustadi wake ni wa kweli.

Lakini ilikuwa dhuluma pia, nami nasema neno hilo nikijua uzito wake, kwa kuwa mtoto alitumia utoto wake wote katika kuigiza sauti asizozisikia, na mikono yake, ambayo ndiyo iliyokuwa lugha yake, ilizuiliwa. Katika miaka ya 1980, viziwi wenyewe walipojiunga katika Chama cha Viziwi Tanzania, na ishara zikaanza kukubaliwa madarasani, jambo hilo lilianza kutengenezwa. Sehemu iliyobaki bila kutengenezwa ni hii: ule ustadi wa karatasi, kioo na mkono juu ya koo, ambao haukumfaa sana kiziwi, ungemfaa sana mtoto asikiaye mwenye kithembe, au aliyeshonwa mdomo sungura na kubaki akitolea maneno puani, au ambaye mtindio wa ubongo umeulegeza ulimi wake. Watoto hao hawakupelekwa Tabora, kwa sababu hawakuwa viziwi. Walibaki katika shule za vijiji kama vya Bonga, wakachekwa, wakanyamaza; na mtoto anyamazaye darasani hana amsumbuaye, wala hana amsaidiaye.

Serikali ya watu huru ilikuwa na mambo mengine mawili ambayo yalimgusa mtoto huyo bila kumkusudia. La kwanza ni vijiji. Katika miaka ya katikati ya 1970 watu wa bara walihamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa amri, kutoka mashamba yaliyotawanyika hadi vijiji vilivyopimwa, na machungu ya uhamisho huo yamekwisha kuandikwa na wengi. Lakini sijaona panaposemwa kwamba kwa mtoto anayechechemea, shule iliyokuwa mbali ikawa karibu, na kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kuifikia kwa miguu yake mwenyewe. La pili ni Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotangazwa kuanza Novemba 1977 na kutiliwa nguvu na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ambayo ilimlazimu mzazi kumpeleka shuleni mtoto aliyefikia umri. Madarasa yalifurika, walimu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu, na katika msongamano ule wa watoto mwalimu alikutana kwa mara ya kwanza na yule ambaye zamani angebaki nyumbani. Alikutana naye akiwa hana chombo wala mafunzo. Hata hivyo alikutana naye, na hilo ni jambo kubwa kuliko lionekanavyo, kwa maana mtoto asiyeandikwa katika daftari la mahudhurio hana wa kumdai chochote.

Matabibu nao walikuwa wakiandaliwa, lakini kwa hospitali. Mafunzo ya tiba kwa vitendo yalianza Nairobi mwaka 1968. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mahali hapo hapo likakusanyika kundi la fani zinazohusu viungo: chuo cha wataalamu wa viungo bandia na vifaa vya kuegemeza mwili kikaanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, na baadaye tiba kwa vitendo ikapata chuo chake. Mtoto wa Bonga aliyebahatika kupelekwa Moshi alipimwa, akanyooshwa, akapewa kifaa cha mguu au banzi la mkono, mama akaonyeshwa mazoezi, kisha wakarudi nyumbani. Miezi sita ikipita mtoto hurefuka, na kifaa hakimwenei tena. Nauli ya kurudi Moshi ilikuwa ni madebe kadhaa ya mahindi au mbaazi, ambayo ndiyo chakula na fedha za nchi hii; na mama mwenye watoto wengine watano ana hesabu yake, ambayo hakuna mwenye haki ya kumlaumu kwayo.

Kwa hiyo fikira iliyofuata, ile ya kuupeleka msaada kwa mtoto badala ya kumpeleka mtoto kwenye msaada, ilizaliwa kwa nauli kama ilivyozaliwa kwa huruma. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotaka afya ya msingi iwafikie watu mahali walipo, Shirika la Afya Duniani lilianza kuandika miongozo ya utengamao katika jamii, ambamo jirani, mzazi au mwalimu hufundishwa mambo machache yaliyo dhahiri, na mtaalamu huja kwa zamu kuyaangalia. Hapa Tanzania mashirika ya dini na ya hiari ndiyo yaliyoichukua kazi hiyo. CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994, ndiyo iliyojulikana zaidi, na ilifanya kazi Dar es Salaam na upande wa Kilimanjaro.

Nataka kukaa kidogo juu ya kiti kimoja, kwa kuwa ndani yake naona hikima yote ya fani hii. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kuketi, hawezi pia kuandika, na mara nyingi hawezi kunena vizuri wala kumeza vizuri. Kwa maana mkono na ulimi huhitaji kiwiliwili kilichotulia ndipo vifanye kazi yake, na mtoto anayetumia nguvu zake zote asianguke hazibaki nguvu za herufi. Kiti cha hospitali ni ghali. Lakini huko Zimbabwe, Bevill Packer alistawisha namna ya kutengeneza viti na meza kwa karatasi zilizotupwa na makasha ya maduka, yakipakwa gundi ya uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, na kukaushwa juani hata yakawa magumu kama mbao. Na ufundi huo ulienea Kenya, Tanzania na kwingineko. Fundi humpima mtoto mwenyewe: urefu wa paja, kimo cha kwapa, upana wa nyonga. Humtengenezea kiti chenye pembe nyuma, ili mabega yaje mbele, na kigingi kati ya miguu, ili asiteleze, na meza ndogo mbele, penye ukingo ili penseli isianguke. Penseli yenyewe huvikwa kipande cha mpira wa baiskeli, iwe nene, iweze kushikwa na vidole visivyokunjika. Kazi ya mikono hutafutwa palipo na mtoto: kupukuchua mahindi, kuchambua mbaazi, kufunga na kufungua vifungo vya shati la shule. Maana ya tiba kwa vitendo ni hiyo hasa, kwamba kitendo kinachomrejeshea mtoto uwezo ni kile kile ambacho nyumba na shule yake vinakihitaji; na mama wa Bonga akielezwa sababu yake huielewa upesi kuliko wengi waliosoma, kwa kuwa maisha yake yote amewafundisha watoto kwa kazi.

Katika shule, msaada uliingia kwa jina la vitengo, yaani darasa moja au mawili yaliyotengwa ndani ya shule ya msingi ya kawaida kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili, au wasioona, au viziwi. Na walimu wake wengi walisomea Chuo cha Ualimu Patandi, kilichoko karibu na Tengeru katika Arusha, ambacho kiliwekwa mahsusi kwa elimu maalumu, na tangu mwaka 2007 wengine walisomea shahada katika chuo kikuu cha Walutheri huko Lushoto, kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa. Kitengo kilikuwa hatua njema kuliko bweni la mbali, kwa sababu mtoto hulala kwao. Lakini kilileta hatari yake, nayo ni kwamba mtoto asiyenena huhesabiwa kuwa hana akili. Mwenye kigugumizi kikali, mwenye mtindio wa ubongo anayefahamu kila kitu lakini hawezi kukisema, mwenye sikio bovu ambalo halijapimwa, wote hao huweza kutiwa katika darasa moja na kufundishwa kuhesabu vizibo miaka na miaka. Mwalimu wa kitengo si wa kulaumiwa. Yeye amefunzwa ualimu, na ualimu huo anaufanya. Kumpima mtoto ulimi, masikio na mikono ni kazi ya watu wengine wawili au watatu, ambao hawapo shuleni.

Sheria zimekuja kwa wingi, nazo nitazipita haraka: sera ya taifa ya watu wenye ulemavu mwaka 2004, kuridhiwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na mikakati ya elimu jumuishi iliyofuatana tangu mwaka 2009, ambayo wa karibuni ulipangwa kufika mwaka 2026. Zote husema kwamba mtoto asome katika shule iliyo karibu na kwao, na kwamba apewe msaada anaouhitaji akiwa hapo. Ninazikubali kwa moyo wote. Ila sheria haiwezi kumleta mtu ambaye hajafundishwa, na kwa habari ya tiba ya usemi Afrika ya Mashariki haikuwa na shahada yake hata ilipofika mwaka 2008, ambapo Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wanafunzi wake wa kwanza kwa kusaidiwa na wataalamu wa kujitolea kutoka Uingereza. Hadi hapo kila mtoa tiba ya usemi katika nchi zetu alikuwa amesomea ng'ambo, au alikuwa mgeni ambaye baada ya miaka miwili hurudi kwao. Katika miaka ya karibuni Muhimbili nayo imeanza kufundisha fani za usikivu, usemi na tiba kwa vitendo kwa kiwango cha shahada, na hiyo ni habari ya kuleta furaha ya kweli.

Wahitimu hao watakapofika Manyara watakutana na jambo nililoomba msomaji aliweke akilini. Vipimo vya usemi vilivyomo vitabuni vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza. Vikitafsiriwa, vitampima mtoto wa Dar es Salaam kwa shida, na mtoto wa Bonga kwa dhuluma. Mtoa tiba asiyejua kwamba nyumbani kwa mtoto hakuna z atamwandikia kosa mtoto ambaye hana kosa. Na asiyejua sauti za koo na za pembeni mwa ulimi zilizomo katika Kigorowa hatatambua kwamba mtoto mwingine, ambaye Kiswahili chake kinasikika vizuri, anazikosa sauti za lugha ya bibi yake, na kwamba tatizo limejificha humo. Kipimo cha kweli hapa huanza kwa kumwuliza bibi: huyu anasema kama nduguze walivyosema walipokuwa na umri wake? Kigorowa kimeanza kurekodiwa na kuandikwa na wataalamu wa isimu katika miaka ya karibuni. Bado hakijatungwa kipimo cha usemi kutokana na kazi yao, na watakaokitunga watawahitaji wazee wa Ufiome, walimu wa vitengo, na pengine walimu wa vyuo vya Kurani wa Kirangi, ambao wanajua kueleza sauti huzaliwa wapi.

Fauka ya hayo, kuna suala la nani atawaajiri. Lami ya mwaka 2018 imeipunguza safari ya kwenda Dodoma na Arusha, na imerahisisha kumpeleka mtoto mbali kuliko wakati wowote uliopita. Nami naogopa kwamba wepesi huo utaturudisha katika fikira ya bweni bila sisi kujua. Dawa yake ni ndogo na ni ya kiofisi. Halmashauri moja ikiwa na mtoa tiba ya usemi mmoja na mtoa tiba kwa vitendo mmoja, wenye pikipiki na ratiba, wanaozunguka shule za kata zake, wakakaa na mwalimu saa moja kwa kila mtoto, wakamwachia kazi ya mwezi mzima na kurudi kuiangalia, itafanya zaidi ya jengo jipya lolote. Lakini ikama ya shule ya msingi ina nafasi ya mwalimu mkuu na walimu wake, haina nafasi ya watu hao wawili; na hadi nafasi hiyo iandikwe, anayefundishwa Muhimbili leo ataajiriwa na hospitali, na mtoto wa Bonga atamfikia akiwa mgonjwa, kwa rufaa na kwa nauli, badala ya kumkuta darasani akiwa mwanafunzi.